Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mkazo unaobaki ndani ya themoplastiki zenye nyuzi

Ukurasa huu ni wa mafundi, wanafunzi wa uhandisi, na yeyote aliyewahi kutoa bamba kwenye presi akakuta limejikunja kabla hajalifikisha mezani. Digrii za joto humu ni za Selsiasi. Ninapotaja digrii za pembe, nitasema ni pembe. Themoplastiki ni plastiki inayoyeyuka ikipashwa na kuganda tena ikipoa; ikiimarishwa kwa nyuzi tunaiita kompositi. Mifano mingi ni ya nyuzi za kaboni ndani ya PEEK, themoplastiki inayostahimili joto kali, kwa kuwa imechunguzwa kwa muda mrefu, na mwisho nitagusa mkonge na polipropilini.

Mkazo baki ni nini hasa?

Ni kuvutana kunakoendelea ndani ya kipande hata kikiwa kimelala mezani na hakijabebeshwa chochote. Mpasua mbao anaujua. Akichana gogo bichi, msumeno unabanwa katikati kwa sababu pande mbili za mbao zinajifunga nyuma ya meno. Hakuna aliyezisukuma. Mvutano ulikuwa ndani ya gogo tangu mti ukiwa umesimama, na msumeno umeupa nafasi tu.

Kwenye kompositi hali ni hiyohiyo. Plastiki inavutwa, nyuzi zinabanwa, na ukijumlisha zote zinafutana hadi sifuri. Ndiyo maana huoni kitu mpaka ukate, utoboe au upashe joto.

Unatoka wapi?

Unatoka kwenye kupoa. Nyuzi na plastiki zinaingia kalibuni pamoja, zinapashwa pamoja, halafu zinapoa pamoja zikiwa zimeshikana, ila kila moja ina tabia yake. Chukua PEEK ya urefu wa mita moja. Chini ya digrii 143, ambako inakakamaa, inanywea takriban maikromita 50 kwa kila digrii inayoshuka. Juu ya hapo inanywea zaidi ya mara mbili ya hiyo. Uzi wa kaboni kwa upande wa urefu haunywei kabisa, bali unarefuka kidogo sana unapopoa, chini ya maikromita moja kwa mita kwa digrii. Uzi wa kioo unanywea, lakini kama maikromita 5 tu.

Sasa zifunge hizo mbili pamoja kwa namna ambayo hakuna inayoweza kuteleza. Plastiki inataka kunywea, uzi unakataa. Tofauti yao haina pa kwenda, inageuka kuwa mkazo.

Huo ndio mzizi. Fuwele (sehemu ambazo minyororo ya plastiki imejipanga kwa utaratibu), kalibu na kasi ya kupoza huongeza au hupunguza, lakini mzizi haubadiliki. Mkazo huu si kasoro iliyopenya kwa uzembe wa fundi. Umezaliwa pamoja na kipande, kwa hiyo mahali pa kuushughulikia ni kwenye mchoro na kwenye kalibu. Ukingoja mpaka kipande kipinde umechelewa.

Bamba langu limetoka limenyooka kabisa. Basi halina mkazo?

Linao, tena huenda ni mkubwa. Swali hili ndilo linalowaponza wengi.

Bamba linanyooka kwa sababu matabaka yake yamepangwa kwa ulinganifu: yaliyo juu ya mstari wa kati ni kama taswira kwenye kioo ya yaliyo chini. Upande wa juu unataka kulikunja kwenda kushoto, wa chini kwenda kulia kwa nguvu ileile, basi bamba linatulia. Kutulia huko ni kama kwa kamba inayovutwa na timu mbili zenye nguvu sawa. Kamba haiendi popote, lakini iguse uone ilivyokaza. Bamba lililopinda limeachia sehemu ya mkazo wake kwa kupinda. Lililonyooka limeubeba wote ndani.

Wanasema kuna mkazo wa nyuzi, wa matabaka na wa bamba zima. Ni vitu vitatu tofauti?

Ni chanzo kimoja kinachotazamwa kwa umbali tofauti.

Kwa karibu kabisa, uzi wa kaboni una kipenyo cha maikromita 7 hivi, na plastiki inayouzunguka imeubana kama pete iliyovishwa ikiwa moto. Mbali kidogo, tabaka lenye nyuzi za pembe 0, zinazokwenda urefuni, limeshikana na tabaka la pembe 90, lenye nyuzi zinazokatiza. Tabaka moja linanywea sana kuelekea upande ambao jirani yake hanywei, basi wanavutana. Mbali zaidi kuna unene wa kipande. Ngozi ya nje imepoa na kukakamaa mapema, kiini bado ni moto. Kiini kinapokuja kupoa kinataka kunywea lakini ngozi ngumu inakizuia. Matokeo yake ngozi inabanwa na kiini kinavutwa.

Kwenye mabamba membamba yaliyopozwa taratibu, huu wa ngozi na kiini ni mdogo. Ule wa kati ya matabaka ndio unaopasua.

Mkazo huo ni mkubwa kiasi gani? Nipe tarakimu.

Tufanye hesabu ya kalamu. Tabaka la kaboni na PEEK, ukilipima kwa upande unaokata nyuzi, linanywea kama maikromita 28 kwa mita kwa digrii. Jirani yake, ambaye nyuzi zake zinakwenda upande huohuo, anakaribia sifuri. Ukakamavu wa tabaka kwa upande huo dhaifu ni kama gigapaskali 10. Kutoka digrii 143 hadi 23 ni mshuko wa digrii 120. Zidisha: 28 mara 120 ni maikromita 3,360 kwa mita, mara gigapaskali 10, unapata takriban megapaskali 34.

Hapo hatujahesabu kilichotokea juu ya digrii 143, ambako plastiki ni laini lakini tayari ina fuwele zinazoipa nguvu fulani. Ukikijumlisha unafika megapaskali 40 na kitu. Na tabaka hilo, likivutwa kwa upande huo, linakatika kwenye megapaskali 80 hivi.

Soma tena tarakimu hizo mbili. Nusu ya nguvu ya tabaka imeshatumika kabla mteja hajagusa kipande. Ndiyo maana nyufa za kwanza kwenye mabamba ya matabaka yaliyokatizana huanza kwenye tabaka la pembe 90, tena mapema kuliko mhandisi aliyesahau kupoa alivyotarajia. Tabaka hilo likiwa nene, kwa mfano manne ya pembe moja yaliyorundikwa pamoja, ufa unaanza kirahisi zaidi. Yatawanye.

Epoksi nayo inapoa. Kwa nini themoplastiki ndiyo inayolalamikiwa?

Kwa sababu ya urefu wa safari. Epoksi ya ndege, plastiki inayoganda kwa kuiva na haiyeyuki tena, huiva kwenye digrii 180 hivi, kwa hiyo hadi joto la chumba ni digrii 160. Kaboni na PEEK inachakatwa kwenye digrii 380 hadi 400, na inaanza kubeba mkazo ikifika digrii 310 hivi. Hapo safari ni digrii 290.

Si themoplastiki zote ziko hivyo. PEI, themoplastiki nyingine, haina fuwele, inakakamaa kwenye digrii 217, na juu ya hapo mkazo unalegea wenyewe, kwa hiyo safari yake ni kama digrii 200. Polipropilini ni nyingine kabisa. Inayeyuka kwenye digrii 165, na joto lake la kukakamaa liko karibu na sifuri, maana yake hata mezani bado inaendelea kulegea polepole. Mkazo wake mwingi unajipunguza, lakini kwa kulipia: kipande kinaweza kubadilika umbo siku kadhaa baada ya kutoka kalibuni.

Nitajuaje joto ambalo mkazo unaanzia?

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji mashine ya bei kubwa.

Tengeneza bamba lisilo na ulinganifu kwa makusudi: matabaka manne ya pembe 0, juu yake manne ya pembe 90, jumla unene wa milimita 1. Kata ukanda wa milimita 200 kwa 15, nyuzi za pembe 0 zikielekea urefuni. Ukanda hautanyooka. Utajipinda kama upinde. Kwa hesabu ya pande mbili zilizogandana, ile aliyoichapisha mhandisi Timoshenko mwaka 1925 kwa ajili ya vipande vya metali mbili, ukanda huu unatakiwa uwe na nusu kipenyo cha sentimita 14 hivi, yaani katikati yake inanyanyuka sentimita 3 na nusu kutoka mezani. Uliopozwa taratibu ukalegea kidogo utakuwa chini ya hapo.

Sasa uingize kwenye oveni yenye dirisha, ukiwa umesimama kwa ubavu ili uzito wake usikudanganye, na karatasi ya mistari nyuma yake. Pandisha joto pole pole. Digrii 100, upinde umepungua kidogo. Ukipita 143 unaanza kufunguka kwa kasi, kwa sababu plastiki sasa inatanuka mara mbili zaidi. Joto ambalo ukanda unanyooka ndilo joto lisilo na mkazo. Kwa kaboni na PEEK linaangukia karibu na digrii 310, pale fuwele zinapoanza kujengeka wakati wa kupoa. Mara ya kwanza nilipoutazama ukanda ukinyooka nyuma ya kioo cha oveni, nilielewa kitu ambacho vitabu vilikuwa vimenishinda kunieleza: joto la kuyeyuka, digrii 343, silo linaloamua. Linaloamua ni lile ambalo plastiki inaanza kukumbuka umbo lake.

Ukanda uwe mwembamba. Ukikata pana utapata umbo la tandiko la punda au la bomba, na hesabu inakuwa ngumu zaidi.

Fuwele zinahusikaje?

PEEK, PPS, nailoni na polipropilini zikipoa hupanga sehemu ya minyororo yake kuwa fuwele, na fuwele zinachukua nafasi ndogo. PEEK isiyo na fuwele ina uzito wa gramu 1.265 kwa sentimita ya ujazo, fuwele tupu ni gramu 1.40. Kwa kiwango cha kawaida cha fuwele asilimia 30 hadi 35, kunywea kwa ajili ya fuwele peke yake ni karibu asilimia 3 ya ujazo, juu ya kule kunywea kwa joto.

Sehemu kubwa ya kunywea huku hutokea plastiki ikiwa bado laini, kwa hiyo siyo yote inageuka mkazo. Tatizo linakuja fuwele zikijengeka kwa viwango tofauti katika kipande kimoja, upande huu asilimia 33 na ule 20. Hapo kipande kinajisokota, na utahangaika kutafuta kosa kwenye mpangilio wa matabaka wakati kosa liko kwenye bomba la maji lililopoza upande mmoja wa kalibu kabla ya mwingine.

Nipoze haraka au polepole?

Watu wanapenda jibu la neno moja, lakini lazima uchague unachokitaka.

Ukipoza polepole, kipande kizima kinapita joto la kukakamaa karibu kwa wakati mmoja, mkazo wa ngozi na kiini unakuwa mdogo, na plastiki inapata muda wa kulegea. Pia unapata fuwele nyingi, yaani kipande kigumu kinachostahimili mafuta na kemikali, lakini pia kinachopasuka kirahisi kidogo zaidi. Ukipoza haraka, unapata fuwele chache na plastiki yenye ustahimilivu wa ufa, ila ngozi na kiini vinagombana, na kipande kikija kupashwa joto kazini fuwele zinaweza kuendelea kujengeka na umbo kubadilika.

Mimi ninachokitetea ni usawa kuliko kasi. Kupoza kwa digrii 20 kwa dakika pande zote mbili sawasawa kunanipa bamba bora kuliko digrii 5 kwa dakika huku sahani ya juu ya presi ikiwa nyuma kwa digrii 30. Na usiachie shinikizo mapema. Lishikilie mpaka kipande chote kiwe chini ya joto la kukakamaa: digrii 143 kwa PEEK, 90 kwa PPS. Kiini ndicho cha mwisho kufika huko, na kipimajoto chako kiko kwenye kalibu, hakiko kwenye kiini.

Nimetengeneza kona ya pembe 90, imetoka 89. Kalibu iko sawa. Kwa nini?

Kalibu haina kosa. Kona zote za kompositi zenye nyuzi zinafunga zinapopoa.

Fikiria kona kama barabara inayopinda yenye njia mbili, ya ndani na ya nje. Nyuzi zinashika urefu wa njia zote mbili, hazibadiliki. Lakini upana wa barabara, ambao ni unene wa kipande, hauna uzi wa kuulinda, basi unanywea sana. Njia ya nje inasogea karibu na ya ndani huku urefu wake ukiwa uleule. Ili urefu huo uenee, barabara lazima ipinde zaidi.

Kwa hesabu: kama unene unanywea maikromita 40 kwa mita kwa digrii na bamba kwa upande wa nyuzi maikromita 3, tofauti ni 37. Zidisha kwa mshuko wa digrii 280, halafu kwa pembe 90. Unapata pembe 0.93. Ukiongeza fuwele na mvutano wa kalibu, pembe 1 hadi 2 ndizo zinazoonekana mara nyingi. Kuongeza unene hakusaidii, kwa maana unene haumo kwenye hesabu hiyo.

Dawa ni kuitengeneza kalibu ikiwa na pembe 91 au zaidi tangu mwanzo. Tengeneza kona ndogo ya majaribio kwa mpangilio uleule wa matabaka, ipime, kisha ndipo uchonge kalibu kubwa. Nimewahi kuona kalibu ya gharama kubwa ikirudishwa kuchongwa upya kwa ajili ya pembe moja ambayo kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja kingeionyesha.

Kalibu ya alumini, ya chuma, au nyingine?

Bamba la kaboni lenye nyuzi za pande zote, urefu wa mita moja, likishuka digrii 290 linanywea chini ya milimita 1. Kalibu ya chuma ya urefu huo inanywea kama milimita 3 na nusu. Ya alumini inakaribia milimita 7. Kalibu inayonywea kuliko kipande inakikokota: inayabana matabaka yanayoigusa wakati plastiki ingali laini, na nyuzi zinaweza kupata mawimbi. Ukiona michirizi kama ya mchanga wa pwani kwenye uso mmoja tu wa bamba, tazama kalibu kwanza.

Inva, ile aloi ya chuma na nikeli, hunywea kidogo sana, lakini sifa yake ni ya joto la chini. Ikipita digrii 200 inaanza kutanuka kama metali nyingine. Kwa epoksi ni nzuri mno. Kwa PEEK faida yake inapungua, na watu wengi hununua bila kulijua hilo.

Ukiwa na alumini tu, tumia dawa nzuri ya kuachisha au foili ya poliimidi, plastiki isiyoyeyuka kwa joto hilo, katikati ili kipande kiteleze, na kwenye kalibu ya dume na jike hakikisha dume halibanwi ndani ya kona zinazofunga.

Mashine zinazolaza tepe kwa leza je?

Hapa mambo yanabadilika. Kichwa cha mashine kinayeyusha tepe, yaani utepe wa nyuzi zenye plastiki tayari, na uso wa tabaka la chini kwa sehemu ya sekunde, roli inagandamiza, na papo hapo joto linakimbilia kwenye rundo la chini ambalo ni baridi. Kila tepe mpya inanywea juu ya rundo lililokwisha kuwa gumu. Inavuta, rundo linapinda kuelekea juu, inakuja nyingine, inavuta tena. Bamba la matabaka 20 limepitia mivutano 20 kwa zamu. Zaidi ya hapo PEEK inapoa haraka mno kiasi kwamba fuwele zinaishia mbali chini ya asilimia 30.

Kinachosaidia ni meza yenye joto. Ikiwa karibu na joto la kukakamaa la plastiki au juu yake, mvutano wa kila tepe unapungua na fuwele zinapata muda. Wengine hulaza tepe kwa mashine halafu wanapasha kipande kizima kwenye oveni au otoklevu, yaani oveni yenye shinikizo. Unapoteza sehemu ya haraka uliyoifuata, lakini unapata kipande unachoweza kukitegemea.

Na kuunganisha kwa kuyeyusha?

Unapasha ukanda mwembamba hadi uyeyuke huku pembeni kukiwa baridi. Ukanda huo ukipoa unataka kunywea, majirani hawataki. Mkazo unaachwa kwenye mstari wa kiungo, na kama ulitumia wavu wa chuma kisichoshika kutu kupitisha umeme, wavu nao una kunywea kwake. Shikilia shinikizo hadi kiungo kipoe, na pasha majirani kidogo kabla ya kuanza ili tofauti ya joto isiwe kali.

Kama tatizo ni kubwa hivi, mbona ndege zinatumia vitu hivi?

Kwa sababu linajulikana na linahesabika. Kingo za mbele za mabawa ya Airbus A380 zina sehemu za nyuzi za kioo na PPS zilizounganishwa kwa kuyeyushwa. Usukani wa mkiani na elevata (vibawa vya mkiani vinavyoinua na kushusha pua) za ndege ya Gulfstream G650 ni kaboni na PPS, zimeunganishwa kwa joto la mkondo wa umeme unaoamshwa na sumaku. Ulaya imejengwa hata pipa la majaribio la mwili wa ndege, urefu wa mita 8 na kipenyo cha mita 4, la themoplastiki tupu, sehemu ya chini Uholanzi na ya juu Ujerumani. Vipande vya ukubwa huo vikija kuunganishwa, milimita moja ya kupinda ni kubwa. Waliovijenga walilazimika kuhesabu kupoa kabla ya kupasha.

Nikikipasha tena kipande, mkazo unaondoka?

Sehemu tu. Samaki mkunje angali mbichi, na uzuri wa themoplastiki ni kwamba joto linaurudisha ubichi kiasi. Ukiipasha PEEK hadi digrii 200 hivi na kuiacha kwa saa kadhaa, plastiki inalegea. Mkazo wa ngozi na kiini, na ule wa kupoza bila usawa, unapungua kweli.

Lakini ule wa nyuzi dhidi ya plastiki, na wa tabaka dhidi ya tabaka, unazaliwa tena ukishapoza, kwa sababu tofauti ya kunywea haijaenda popote. Isitoshe, fuwele mpya zinaongezeka wakati wa kupasha, na plastiki inanywea zaidi. Nimeona vipande vilivyopashwa upya vikitoka vimepinda kuliko mwanzo. Vifunge kwenye fremu unapovipasha, na vipoze taratibu vikiwa bado vimefungwa.

Unyevu wa pwani unabadilisha chochote?

Kwa PEEK na PPS, kidogo sana. PEEK ikilowa mpaka mwisho haifiki asilimia 1 ya maji.

Kwa nailoni ni habari nyingine. Nailoni ya PA6 ikizamishwa hunywa maji hadi asilimia 9 hivi ya uzito wake, na kwenye hewa ya unyevu wa nusu hunywa karibu asilimia 3. Maji yanaivimbisha, na kuvimba ni kinyume cha kunywea, kwa hiyo sehemu ya mkazo inafutika. Joto lake la kukakamaa, ambalo likiwa kavu ni digrii 50 hivi, linashuka chini ya joto la chumba, na plastiki inalegea. Kipande cha nailoni kilichopimwa kikiwa kikavu, ukikipima tena baada ya miezi Tanga au Mombasa, si kipande kilekile. Andika unyevu kwenye daftari la vipimo kila mara. Na kausha nailoni kabla ya kuiyeyusha, la sivyo mvuke utakuachia mapovu.

Nawezaje kuupima kwenye kipande halisi?

Njia nyingi ni za kuharibu. Unabandika kihisi cha mvutano, unatoboa tundu dogo karibu yake kwa hatua, na unasoma jinsi uso unavyosogea mkazo unapoachiwa. Au unaparua tabaka moja moja na kupima kipande kinavyopinda kila mara. Hii ya pili ni ya subira, lakini inakupa picha ya unene mzima.

Bila kuharibu, unaweza kulaza ndani ya matabaka uzi mwembamba wa kioo wenye alama zinazoakisi mwanga wa rangi moja. Uzi ukibanwa, rangi inahama kidogo, na unaweza kufuatilia kupoa kote kwa wakati halisi. Kwa nyuzi za aramidi na kaboni kuna pia mwanga wa Raman, unaosoma kubanwa kwa uzi wenyewe, mradi plastiki inapitisha mwanga. PEEK yenye fuwele ina ukungu, kwa hiyo unaishia kusoma karibu na uso.

Ni lazima ninunue programu ya bei kubwa?

Kwa bamba la kawaida, hapana. Nadharia ya matabaka inaingia kwenye lahajedwali. Kosa la kawaida liko kwenye takwimu unazoilisha. Watu wanatumia kunywea kwa joto la chumba kwa safari yote ya digrii 290, wakati juu ya joto la kukakamaa tarakimu ni zaidi ya mara mbili na ukakamavu umeshuka. Igawe safari vipande viwili angalau. Programu kubwa inahitajika kwenye maumbo yenye kona nyingi, unene unaobadilika, au tepe za leza.

Mkazo baki ni mbaya siku zote?

La. Ile pete ya plastiki inayoubana uzi ni sehemu muhimu ya mshiko wenyewe. Kwenye nyuzi za kioo na polipropilini, ambazo kikemia hazipendani, sehemu kubwa ya mshiko inatokana na huko kubana na msuguano wake. Ngozi iliyobanwa nayo huchelewesha nyufa za juu. Na kuna mabamba yanayotengenezwa bila ulinganifu kwa makusudi ili yawe na maumbo mawili yaliyotulia: unayasukuma yanaruka upande wa pili, yanakaa huko.

Na mkonge?

Nimefurahi kuulizwa. Mkonge uko Tanga tangu 1893, na nyuzi zake ndani ya polipropilini ni kompositi halisi, inayofaa mapaneli na vifuniko. Usivuke digrii 200, uzi unaanza kuungua na kunuka. Hivyo PEEK na PPS hazimo kwenye mazungumzo, na safari ya kupoa ni fupi, jambo ambalo ni jema kwa mkazo.

Adui wake ni maji. Uzi wa mkonge hunywa maji na kuvimba kipenyo, ukikauka unasinyaa. Ukiusindika ukiwa na unyevu, unakauka ndani ya polipropilini iliyokwisha kuganda na kujiachanisha nayo, na ile pete iliyokuwa inaubana inabaki wazi. Kausha mkonge kwenye oveni kwenye digrii 100 hivi hadi uzito wake uache kushuka, upime kwa mizani usikisie kwa mkono, na uuingize kwenye presi ungali na joto. Changanya pia polipropilini kidogo iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki ili ishikane na uzi kikemia. Kisha kata ukanda usio na ulinganifu kama ule wa kaboni, uuweke dirishani, na uupime kila asubuhi kwa wiki mbili. Msimu wa mvua utakupa upinde mmoja, kiangazi kitakupa mwingine.